Vilele Vinne kwa Gauni Moja

Shemeji yangu ni fundi cherehani, na mjini kwetu hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Anaitwa Fundi Ijumaa, kwa sababu ukimuuliza nguo yako itakuwa tayari lini, atavua miwani, atatazama dari kama mtu anayepiga hesabu nzito, kisha atakujibu, "Njoo Ijumaa." Hasemi Ijumaa ipi.

Asidhaniwe kuwa ni mvivu. Yeye ndiye mume wa dada yangu, duka lake liko njiani nikitoka kazini, na jioni nyingi nimekaa kwenye benchi lake bila kumkuta mikono mitupu hata mara moja. Maradhi yake ni mengine. Anashona koti mpaka linabaki vifungo, mara anaingia mtu mwenye shida, koti linatundikwa. Anaishughulikia sketi ya huyo mwenye shida mpaka inabaki upindo, anaingia mwingine mwenye shida zaidi. Ukutani pana bomba refu la chuma lililojaa nguo, na kila moja imepungukiwa na kitu kimoja: hii zipu, ile kola, ile mkono wa kushoto. Suruali yangu ya kijivu nayo ipo pale. Ni suruali nzuri sana, ila haina mkanda wa kiuno. "Imebaki kidogo tu, shemeji," huniambia kila nikiitupia jicho, na siku hizi naangalia upande mwingine ili nisimtaabishe.

Na bado wateja hawamwachi. Nguo yake ikitoka, imetoka. Inakukaa mwilini kama ulizaliwa nayo. Watu wanamnung'unikia, wanamsema mtaani, kisha mwezi unaofuata wanamletea kitambaa kingine.

Mwaka jana binti yake alichumbiwa. Huyu mpwa wangu ni nesi katika wodi ya upasuaji, mtu wa saa na dakika, anayetembea haraka hata kutoka sebuleni kwenda jikoni. Jumapili moja tulikuwa mezani kwao, dada yangu anapakua, mara binti akasema, kama mtu anayeomba chumvi:

"Kitambaa cha gauni nimeshanunua. Nitampelekea yule fundi wa nyuma ya soko."

Upawa wa dada yangu ukabaki hewani.

"Fundi gani?" aliuliza shemeji.

"Wa nyuma ya soko, baba."

"Yule wa mapazia?"

"Anashona na magauni. Na akisema Jumanne, inakuwa Jumanne."

"Pazia halina kwapa," alisema shemeji. "Mtu aliyezoea mapazia ukimpa mwili wa binadamu lazima ababaike."

"Akibabaika, atababaika kwa wakati. Baba, mimi sitaki kuingia ukumbini na gauni lililobaki upindo."

Tulicheka, mimi na dada yangu. Kisha nikamtazama shemeji, nikaacha. Kwa kawaida utani wa aina hiyo huurudisha kabla haujatua, maana ameuzoea. Safari hii alikuwa ameweka kijiko chini na anakigeuzageuza. Amewashonea maharusi wa mtaa mzima, na karibu kila gauni alilotoa nilimsikia akisema, "La kwangu litakuwa na mgongo tofauti na huu," akimaanisha la binti yake. Alikuwa ameshalishona kichwani tangu mtoto yuko shule ya msingi.

"Nipe kazi," alisema mwishowe. "Kazi yoyote, niimalize kwa siku moja. Nikiimaliza, kitambaa unaniletea mimi. Nikishindwa, mpe wa mapazia, nami nitakuja harusini nikae kimya."

"Kukaa kimya hutaweza," alisema mkewe.

Binti alifikiri. Kila mwaka yeye na wenzake wa hospitali hupanda milima iliyo nyuma ya mji. Viko vilele vinne vilivyojipanga nusu duara, na kuna njia inayoanzia kwenye geti la msitu, inapita juu ya kila kimoja, kisha inarudi palepale getini. Wenye miguu huvizunguka vyote kwa siku moja. Shemeji alikuwa wa lile kundi la wanaovitazama kupitia dirishani. Kutoka nyumbani hadi dukani kwake ni mwendo mfupi, na hata huo alikuwa akiukata katikati ili apumzike kwa muuza magazeti.

"Vilele vinne," alisema binti. "Vyote, na kurudi getini kabla jua halijazama."

"Vile pale?"

"Vile pale. Siku moja, Jumamosi. Mjomba atakuwa shahidi."

"Mwanangu," alisema dada yangu, "unataka kuolewa au unataka kurithi?"

Shemeji alinyoosha miguu yake chini ya meza, akaitazama kwa heshima. "Miguu hii imekanyaga cherehani miaka thelathini. Ingekuwa barabara, ningeshafika baharini na kurudi."

"Ulikanyaga umekaa, baba watoto."

Jumamosi tulifika getini alfajiri, tochi mkononi. Shemeji alikuwa amejishonea suruali ya safari, kitambaa kizito, mifuko kila mahali. Mpwa wangu alimmulika kuanzia juu hadi chini, na mwanga ukasimama kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Upindo ulikuwa umeshikizwa kwa pini.

"Baba."

"Imebaki kidogo tu. Twendeni."

Kilele cha kwanza alikipanda kama mwenyeji. Alitangulia mbele, akatusimulia jinsi koti la jaji linavyokatwa, na tulipofika juu alikuwa bado hajamaliza mikono ya koti. Jua lilikuwa limetoka, mji umelala chini yetu kama mabaki ya vitambaa sakafuni, na nilianza kumwonea huruma fundi wa mapazia, ambaye bila kujua alikuwa anaponyokwa na kazi.

Mambo yaliharibika kwenye kilele cha pili. Pale juu pana mwamba unaokinga upepo, na wapandaji huketi hapo kula. Kati yao alikuwapo bwana mmoja mnene, karani wa benki, aliyevaa jaketi lenye bitana iliyochanika na kuning'inia nje kama ulimi. Nilimwona shemeji akiiona. Aligeuza uso, akanywa maji, akaitazama milima, akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Kisha mkono wake ukapanda wenyewe kwenye kola, mahali anapochomeka sindano.

"Bwana, samahani. Hiyo bitana itakuletea baridi ya figo. Geuka kidogo."

Akamshona amesimama, upepo ukivuta uzi, yeye akiuma ncha. Alipomaliza, alikuwapo mama mmoja na begi lililokatika mkanda. Baada ya mama akaja kijana ambaye hakuwa na tatizo lolote ila kwamba shati lake, kwa maoni ya shemeji, lilikuwa na mabega ya mtu mwingine.

"Ukishuka mjini nitafute, nikurekebishie."

"Lini, mzee?"

Shemeji alivua miwani, akatazama mbingu, kwa kuwa dari haikuwapo. "Njoo Ijumaa."

Mpwa wangu alikuwa amesimama mikono kiunoni. "Baba, jua."

"Naliona, mama. Dakika moja."

Dakika hiyo ilikuwa ndefu. Tulipoondoka, kivuli cha ule mwamba kilikuwa kimehamia upande wa pili.

Kilele cha tatu ndicho kirefu kuliko vyote. Njia yake ni kokoto tupu. Unapanda hatua moja, unateleza nusu. Hewa ni nyepesi na baridi inaingia hadi kwenye meno. Shemeji aliacha kuzungumza mahali fulani katikati ya habari za kola, na hakuzirudia. Kila baada ya hatua chache aliinama, mikono magotini. Binti alirudi nyuma, akamshika kifundo cha mkono, akatazama saa yake.

"Unanipima au unaniaga?" aliuliza shemeji.

"Nakupima. Mapigo ni mazuri. Endelea."

Aliendelea. Sijui kwa nguvu gani, maana uso wake ulikuwa na rangi ya ile suruali yangu ya kijivu. Tulifika juu, tukakaa kidogo sana, tukaanza kushuka upande wa pili, mpaka mahali njia inapogawanyika.

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Kushoto, njia inashuka moja kwa moja hadi getini. Kulia, inapanda kilele cha nne, kidogo kuliko wenzake, ambacho watu wamezoea kukiita Kitindamimba. Ni kifupi lakini kimesimama wima, na mwishoni unapanda kwa mikono. Jua lilikuwa limeshashuka mpaka linatupiga machoni. Hata mimi, mtu wa kukaa ofisini, niliona jinsi mambo yalivyosimama. Tukishuka pale, tutafika getini kwa wakati tukiwa na vilele vitatu. Tukipanda, vitakuwa vinne, na jua litatuacha njiani.

Shemeji alikaa kwenye jiwe. Alikitazama Kitindamimba muda mrefu.

"Kile nacho ni kilele?" aliniuliza. "Si kama kifungo tu?"

Nilitazama jua. Shahidi hasaidii upande wowote.

Akamgeukia binti. "Mama, ungekuwa mteja, ungetaka lipi? Nguo iliyowahi, au nguo iliyokamilika?"

"Mteja angetaka usishone bitana ya mtu mlimani."

"Hilo limepita."

"Basi sijui, baba. Fundi ni wewe."

Hakuwa anatania tena, na shemeji alilisikia hilo. Aliinama, akachomoa ile pini ya kwenye suruali iliyokuwa inamchoma, akaitia mfukoni, akakunja mguu wa suruali kwa mkono. Kisha akasimama na kwenda kulia.

Kupanda kule sitakueleza kwa kirefu. Alipanda kwa magoti, kwa viwiko, kwa kunung'unika. Mara mbili binti alimsukuma kutoka chini, mara moja mimi nilimvuta kwa mkanda wa begi. Juu kabisa pana rundo la mawe. Alilipapasa kwa kiganja kama anavyopapasa kitambaa dukani, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa, akageuka. Jua lilizama tukiwa tumesimama palepale. Tulilitazama likienda, wote watatu.

Tulishuka kwa tochi. Mlinzi wa msitu alikuwa ametusubiri getini, funguo mkononi, amekasirika kwa haki.

"Wazee, hapa panafungwa jua likizama."

"Najua," alisema shemeji. "Tumechelewa."

Nilisubiri kilichobaki. Namfahamu: umeme ulikatika, uzi uliisha, mashine ilikula sindano, mtoto wa jirani aliumwa. Sababu zake zina mifuko mingi kama suruali yake. Safari hii haikutoka hata moja. Aliingia kwenye gari la binti, akavua viatu, na tulipokaribia mjini ndipo aliposema, akitazama nje:

"Mpelekee wa nyuma ya soko. Ila mwambie akuangalie mabega. La kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto, tangu ulipoanza kubeba mkoba wa shule. Asipolijua, gauni litavuta upande mmoja, na wewe utadhani ni kitambaa."

Binti alibadilisha gia.

Siku chache zilizofuata dukani palikuwa pamepoa. Shemeji alishona, hakusimulia. Wateja waliokuja kugomba walirudi bila kugomba, wakidhani amefiwa. Kisha jioni moja, nikiwa kwenye benchi, mpwa wangu aliingia na sare yake ya kazi na mfuko mkubwa wa karatasi.

"Mjomba, wewe ndiye shahidi. Juzi baba alichelewa kwa sababu gani?"

"Bitana ya karani," nilisema. "Begi la yule mama. Na mabega ya yule kijana."

"Si miguu?"

"Miguu ilifika kote."

"Nami ndivyo nilivyoona." Aliuweka mfuko juu ya meza ya kukatia, lakini mkono haukuuachia. "Baba, ulishindwa. Hilo lijulikane. Lakini ungeshuka na vitatu ukawahi, kitambaa hiki kingekuwa nyuma ya soko sasa hivi. Kwa hiyo utakishona, ila si hapa. Utakishonea nyumbani, chumba cha nyuma, na ufunguo atakaa nao mama. Hakuna mteja, hakuna simu, hakuna mtu mwenye shida."

"Unanifunga?"

"Nakulaza wodini. Saa za kutembelewa nitakwambia."

Shemeji alimtazama, akanitazama mimi. Mwishowe alivuta mfuko taratibu, akaingiza mkono, akakishika kitambaa kwa vidole viwili.

"Umechagua vizuri," alisema. "Kinateleza. Wa mapazia angekulilia."

Duka likafungwa. Dada yangu alihamishia kiti chake ushorobani, akawa anapigana na wateja waliofuata nguo zao hadi nyumbani; sijui kama amewahi kufurahia kazi kuliko ile. Nilipopita jioni nilisikia cherehani ikienda nyuma ya mlango, ikinyamaza, ikienda tena. Mara moja nilisikia akifumua, mshono mrefu, na dada yangu akapaza sauti, "Unafumua nini humo?" Akajibiwa, "Mgongo. Niache."

Siku tatu kabla ya harusi aligonga kutoka ndani. Tukamwita binti. Aliingia, mlango ukafungwa, na sisi tukabaki nje tukisikiliza: inua mikono, kaa, simama, inama kama unaokota kitu, tembea mpaka dirishani. Mpwa wangu alipotoka alikuwa amebeba gauni mikononi chini ya shuka jeupe, na alitupita haraka kama kawaida yake, uso ameugeuza ukutani.

Dada yangu aliuchomoa ufunguo, akausukuma mlango mpaka ukagusa ukuta. Shemeji alikuwa ameketi kwenye stuli, mikono magotini, mezani hakuna kitu.

"Umeachiwa," mkewe alimwambia. "Nenda dukani, watu watanila."

"Nitakwenda," alisema. Lakini hakuinuka mara moja, wala sisi hatukumharakisha.