Mkataba Uliochapwa Mara Saba

Hanadi amefundisha kompyuta hapa Tripoli ya Lebanoni miaka kumi na mmoja, na printa ya nyumba nzima ni yeye aliyeiunganisha. Imekaa chini kwa baba mkwe wake, Abu Badri, na Hanadi huitumia kuchapa kazi zake akiwa kwake ghorofa ya tatu, kupitia mtandao wa nyumbani. Kwa hiyo alichokifanya Alhamisi ile hakina udhuru, ila tu kwamba alikuwa na hofu, na mwenye hofu hugeuka bwege hata akiwa mwalimu.

Alikuwa amepata kazi Zahle, ng'ambo ya milima. Shule ilimtumia mkataba, ikataka aurudishe na sahihi yake kabla ya Jumamosi adhuhuri. Mumewe, Badri, alifariki miaka mitatu nyuma, na tangu hapo yeye na binti yake Rawan wamebaki kwenye jengo la mzee. Kumwambia Abu Badri kwamba anaondoka na mjukuu wake wa pekee, hilo lilimshinda. Kuchapisha dukani nako hakukuwezekana. Mwenye duka na Abu Badri hunywa kahawa pamoja kila siku, na habari ingemfikia mzee kabla wino haujakauka.

Akangoja mzee aende kuswali alasiri. Akabonyeza, akashuka ngazi mbio, akakuta trei tupu. Akapanda, akabonyeza tena. Alifanya hivyo mara saba, anahema, wala hakuangalia plagi. Umeme ulikuwa wa jenereta ya mtaa, ampea tano tu, na Abu Badri alikuwa ameichomoa printa ili pampu ya maji isikate umeme wa nyumba. Kompyuta ya mzee, inayoiendesha printa hiyo, ilikuwa inawaka, ikapokea mikataba yote saba na kuitunza. Hanadi aliposikia geti likifunguliwa alikimbilia juu, akajisemea printa imekufa.

Ijumaa baada ya swala, mzee akachomeka printa achape fumbo lake la maneno kwa herufi kubwa, maana macho yake yamechoka.

"Hanadi," akaita kutoka chini ya ngazi. "Shuka. Njoo na kalamu."

Alimkuta kwenye kochi, miwani puani, rundo la karatasi mapajani.

"Mara saba, mwanangu? Hiyo shule ina wakuu saba?"

"Ami," akasema, kama alivyozoea kumwita baba mkwe wake, "nilikuwa nitakuambia."

"Lini? Ukishapanda basi?"

Hanadi akakaa. Hakuwa na nguvu tena ya kuficha. "Niliogopa. Rawan ndiye uliyeachiwa na Badri, halafu mimi nimchukue hivi hivi? Nilikuwa naona haya hata kulitamka."

Abu Badri akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Hata mimi nilikuwa na langu. Miaka mitatu unapanda na kushuka hapa, kutwa unaniuliza nimekula, nimemeza dawa. Nasema, huyu bado kijana, amejifunga hapa kwa ajili yangu. Nikitaka kukwambia nenda, naogopa utaona nakufukuza nyumbani kwa mumeo."

"Kwa hiyo hujakasirika?"

"Nimekasirika sana. Umenimalizia karatasi, fumbo langu limetoka nusu."

Hanadi akacheka, akalia, akacheka tena, na kifua chake kikawa chepesi kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akatia sahihi mkataba mmoja pale pale, juu ya meza aliyoichonga mzee mwenyewe enzi zake za useremala.

Abu Badri alikuwa ameshageuza nakala nyingine, anachora nyuma yake kwa penseli.

"Zahle kuna baridi, na vitanda vya kununua siku hizi ni takataka. Rawan sasa ana urefu gani?"

Hanadi akamwonyesha kwa mkono, usawa wa bega lake. Mzee akaandika, akachora kitanda, kisha kando yake akachora cha pili, kirefu zaidi.

"Hicho changu, ami?"

"Chako utanunua, si una mshahara? Hiki changu. Nikija nitalala wapi?"