Mistari ya Égide, rangi za Joséline

Saa mbili asubuhi, ghorofa ya saba, mtaa wa Joubert Park. Égide ameinamia ubao wa kupigia pasi, kalamu ya wino mkononi, akihesabu madirisha ya jumba la Venisi kwenye kalenda ya zamani. Ameshachora thelathini na moja. Hajawahi kufika Venisi, wala Prague, wala Timbuktu, lakini milango ya huko anaijua kuliko ya jengo analolinda mtaa wa Marshalltown.

Nyuma yake mkewe, Joséline, anasubiri na burashi. Ndivyo wanavyofanya kazi tangu mwaka 2009: mume huchora kwa wino mweusi, mke hutia rangi za maji. Picha moja humla Égide siku tatu. Joséline huimaliza kwa saa moja.

"Watu wanasimama kwa meza yetu ya sokoni, wanasema, 'Eish, angalia hiyo anga!'" analalamika Égide, mkimbizi wa Burundi mwenye miaka arobaini na mmoja. "Anga! Miye nimekaa siku tatu na madirisha, mutu anasifu anga."

Mwandishi wa makala haya alikuwa karibu kuisifu anga hiyo hiyo.

Joséline, msusi wa nywele siku za wiki, anacheka. "Si ni weye ulinifundisha, Papa Sagesse?" anasema, akimwita kwa jina la binti yao.

Hilo ndilo linalomchoma zaidi. Picha zao huuzwa randi 250 kila Jumapili, na wateja humuulizia mke. Machi mwaka huu wa 2013, mwenye ukumbi mmoja wa sanaa alimwalika Joséline aonyeshe picha kumi mwezi Septemba. Barua ilikuwa na jina moja tu.

"Chakula kilinishinda," anasema Égide.

Kisha anasimulia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Wino wao ukishakauka hauyeyuki, ndiyo maana rangi hupita juu yake salama. Wiki ile alinunua wino wa shule, akachora nao msikiti wa udongo wa Djenné, boriti kwa boriti, akamkabidhi mkewe bila hata kupepesa macho.

Burashi ilipogusa ukuta, msikiti ukatiririka wote. Joséline alimwambia mteja aliyeiagiza kwamba ameimwagia picha chai, akaomba wiki moja zaidi.

"Nilitaka waone hajui kitu," anasema Égide, macho chini. "Wivu, ndugu. Wivu mutupu."

Joséline anasuuza burashi kwenye kopo. "Nilijua siku ile ile," anasema. "Wino ule harufu yake nyingine. Nilingoja useme. Miezi mitatu nangoja."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningeuliza, ungekana."

Hamfariji. Anaichukua karatasi ya Venisi, analowesha kidole, anakigusisha kwenye pembe ya dirisha moja. Tangu siku ile hupima kila picha namna hiyo. Mstari hauyeyuki, naye anaanza kutia rangi.

Hii ndiyo picha ya kumi ya maonyesho. Joséline ameomba jina la mumewe liandikwe pia, bado hajajibiwa. Égide amebadilishana zamu na mlinzi mwenzake ili awepo siku ya ufunguzi. Wivu, anakiri, haujamtoka.

"Naomba kitu kimoja tu," anasema. "Mutu akimuuliza mistari ni ya nani, asijibu haraka. Ageuke kwanza, anitafute."