Nguo Kuukuu za Kwenda Ubelgiji

Mimi ni fundi wa kushona hapa Gisenyi, na miaka yote nimekuwa nikivuka mpaka kwenda Goma na vitambaa. Mpakani nilijifunza jambo moja: kitu kipya usikiite kipya. Watu wa ushuru wakikuuliza, sema ni kuukuu, cha kuvaa nyumbani, hakina bei. Ulimi wangu umezoea, siku hizi hata hauniombi ruhusa.

Basi mwanangu akaoa Ubelgiji. Nikamshonea mama wa bibi harusi magauni mawili ya kitenge, mwezi mzima nikiyatarizi shingo kwa mkono. Posta wakanipa karatasi ya forodha: ndani iko nini, na thamani yake?

"Mama, andika tu vile iko," karani akaniambia.

"Weee! Mi najua watu wa douane, hao wa forodha!" nikamjibu, nikajaza kwa madaha: nguo kuukuu, zimevaliwa sana, thamani hakuna. Sikuwaza kwamba karatasi ile hubandikwa juu ya kifurushi, na mkwe wangu huyo, mama wa bibi harusi, angeisoma kabla hajaona hata uzi.

Juzi nikaitwa posta: mkwe naye amenitumia zawadi. Nikajipamba, nikawachukua na majirani wawili waje kushuhudia heshima yangu. Karani akainamia karatasi ya forodha juu ya kifurushi, akaisoma kwa sauti, foleni nzima ikisikia:

"Bon. Ndani iko savon, sabuni vipande sita, ya kufulia nguo kuukuu. Thamani..." Akaninyanyulia macho. "Mama, ameandika: 'Kama ile yenu.'"