Nafasi Yangu Kwenye Ukuta wa Baridi

Enzi zetu kule Tlawi, kijijini kwetu milimani, darasa lilikuwa na madirisha lakini halikuwa na vioo. Ukungu wa mwezi wa sita uliingia bila hodi, ukakaa nasi mpaka saa nne. Madawati hatukuyajua, tulikaa chini. Kila Ijumaa tulibeba samadi mbichi na maji, tukapaka sakafu ili vumbi na funza vipungue. Ikishakauka, raha mustarehe.

Nilikuwa darasa la nne kwa mara ya pili. Baba alishasema, "Paskalina, ukifeli tena unabaki nyumbani kuchunga." Tuliorudia darasa tulikalishwa mbele, chini ya ubao, kwenye ukuta usioonja jua. Vidole viliganda hadi penseli ikaniponyoka, na hesabu zikanipita juu kwa juu.

Nikajiona nina akili. Nyumbani tulilala nyumba moja na ng'ombe, na joto lake lilikuwa tamu. Nikaamini joto limo kwenye samadi! Ijumaa moja nikapaka nafasi yangu nene, kama godoro. Jumatatu nikaketi, nikazama. Haikuwa imekauka. Darasa zima liliangua kicheko, na sketi yangu ikageuka kijani.

Mwalimu Shabani, mtu wa Tanga aliyefundisha akiwa na makoti mawili, akaja kuangalia. "Binti, unapanda mahindi hapa?"

"Hapana, mwalimu. Natafuta joto. Nyumbani ng'ombe wanatupaga joto."

Hakucheka. Alichuchumaa, akashika sakafu ya mbele, kisha akaenda kushika ile ya nyuma iliyopigwa na jua. Siku hiyohiyo tukasaga mkaa wa betri za redio, tukapaka ubao mpya kwenye ukuta wa nyuma, na darasa zima likageuka na kubanana penye jua. Mtihani ulipokuja, nilifaulu. Baba alitangaza kijiji kizima kana kwamba alifanya yeye.

Siku hizi wanangu wana vioo, madawati na sweta nzito, na bado wananiambia kiti kinaumiza mgongo! Nawacheka, ila siwagombezi. Mwaka mzima niliitwa mzito wa kichwa, hata mwenyewe nikakubali, kumbe nilisikia baridi tu. Nawakumbuka walioketi ukuta ule kabla yangu, wakaishia kuchunga. Sidhani kama kuna aliyewaambia kuwa ni baridi tu.