Hoteli Isiyo na Kibao

Jamani, hii nilishaapa kuifukia, lakini kwa kuwa Mama Mwanaidi ameshaitangaza ofisi nzima, bora muisikie kutoka kwangu mimi mwenye aibu yangu.

Tulikuwa Lisboni, kule Ureno, mimi na yeye, kwenye semina ya kilimo cha mboga za milimani. Mama Mwanaidi ndiye mkuu wetu wa idara, na mwezi uliofuata alikuwa anakwenda Hija, kwa hiyo alitafuta mtu wa kukaimu nafasi yake, na mimi kiti kile nilishakikalia kichwani kitambo. Siku ya mwisho, mchana, akasema, "Festo mwanangu, nina njaa, ila nguruwe hapana, pombe hapana." Pale tulipofikia walitupatia karatasi yenye migahawa mizuri ya mji wa kale. Nikaikunja, nikaitia mfukoni.

"Mama, niachie mimi. Chakula kitamu hakina kibao, unafuata watu tu." (Ndivyo ninavyokula kwetu Moro miaka yote, na sijawahi kukosea hata siku moja.)

Basi tukapanda ngazi za ule mji, vichochoro vimesimama kama njia za mlimani kwetu Mgeta, mimi mbele kifua mbele, hadi tukakuta meza ndefu nje ya nyumba, sufuria kubwa, bibi kavaa aproni, watu wanakula kimya, na wahudumu wote wana sare nyeusi! Nikamwambia Mama, unaona, hapa pana nidhamu. Tukavuta viti, nikapiga makofi kumwita jamaa mmoja wa suti nyeusi, nikaagiza kwa Kiingereza changu cha semina: supu ya samaki mbili, juisi ya Mama, divai yangu. Akatutazama kidogo, akaenda, akaleta. Supu ile, nyie! Nikaongeza bakuli la pili, nikalalamika haina pilipili, akaenda kuitafuta. Nikapiga na picha na bibi, nimeinua glasi (bibi hakucheka, nikajua ndio ustaarabu wao).

Mama Mwanaidi akaweka kijiko chini. "Festo, ile picha pale dirishani, yenye mshumaa, ni ya nani?"

"Atakuwa mwanzilishi wa hoteli, Mama."

Nikaomba bili. Yule jamaa akatikisa kichwa, akasema polepole, "Leo hakuna kulipa. Tumetoka kumzika baba."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na bakuli langu la pili. Mama hata hakuniangalia. Alikwenda kukaa karibu na bibi, akamfunika mabega kwa mtandio wake, akamshika mkono, akampa pole kwa Kiswahili, na bibi, asiyejua hata neno moja, ndipo akalia. Mimi nikavua koti, nikakusanya sahani, nikaingia jikoni kuosha, maana msibani kwetu asiye na la kusema hutafuta kazi. Niliosha mpaka lile sufuria.

Kiti alikikaimu Rehema wa masjala, na alistahili. Mimi nimeapa, nikipewa tena karatasi ya migahawa nitaisoma mpaka nyuma. Ila haisaidii. Juzi tumekwenda kula wali kwa mama lishe pale Kilakala, tumefika tu mlangoni, Mama akanishika mkono mbele ya wateja wote.

"Festo, umeuliza kwanza kama hakuna msiba?"

Nami, jamani, niliuliza.