Soksi Iliyolia Dukani

Krismasi ile, sisi wanawake sita tuliokaa chumba kimoja mtaa wa Al Baraha, Dubai, tulikubaliana kila mtu amnunulie mwenzake zawadi ndogo, ya bei nafuu, inayoenea ndani ya soksi, kama Wazungu wanavyofanya. Sikuwa na hakika ni kitu gani kinaenea, basi nikaenda duka la jirani na soksi yenyewe, ile nyeusi ndefu ninayovaa kazini, maana mimi ni mlinzi.

Nilijaribu kitana, kikaingia. Mwenye duka akanikazia macho. "Sista, hiyo ni safi?"

"Nimeifua jana."

Mama mmoja wa Kizanzibari aliyekuwa akichagua vikombe alicheka, kisha akaja kunisaidia. "Ifungue mdomo, mwanangu," akasema, akasukumiza ndani saa ndogo ya kengele. Ikateleza mpaka kwenye vidole, ikakwama, halafu ikaanza kulia.

Tuliikung'uta, wapi! Mwenye duka akavuta upande wake, mimi na mama upande wetu, soksi ikarefuka mpaka ingemtosha twiga.

"Khalas! Basi!" akapiga kelele mwenye duka. "Nunua, nenda!"

Nikalipa, nikatembea mpaka nyumbani na soksi inayolia, watu wakinipisha njia. Aliyenifungulia mlango ni yule yule niliyepangiwa kumnunulia.

"Hiyo ni nini?"

"Siri," nikasema, nikiificha mgongoni.

Kwa siku mbili, mpaka betri ilipokwisha, alijifanya hasikii kitu.