Niliulizia dawa ya uraibu kliniki za Gisenyi kwa jina la mdogo wangu

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekuwa msomaji wa jukwaa hili kwa miaka mingi bila kuandika. Leo naandika yaliyotokea tu, pamoja na yale yanayoniaibisha, ambayo ndiyo mengi.

Nina miaka hamsini na moja. Naishi Gisenyi. Nilikulia Karagwe, tukarudi Rwanda nikiwa kijana. Ni fundi wa injini za boti. Sikusoma chuo, nilijifunza kwa vitabu vya mitumba na kwa kufungua injini mbovu. Nina tabia ya kuandika kila kitu kwenye daftari. Tabia hiyo itaniponza mbele.

Miaka minne iliyopita niliumia mgongo nikinyanyua injini. Daktari alinipa tramadol, dawa kali ya maumivu, ya siku kumi. Siku kumi zikaisha, mimi nikaendelea. Nilipata duka moja ng'ambo, Goma, lisilouliza cheti. Nilivuka mpaka wa Grande Barrière kila wiki na mfuko wa vipuri, vidonge vikiwa chini ya vipuri.

Nilijua nimekuwa mraibu siku niliyovikosa. Jasho, tumbo kuharisha, miguu haitulii.

Kama fundi, nikaona nijitengeneze mwenyewe. Nikachora jedwali la kupunguza dozi. Nilijaribu mara nne, nikashindwa mara nne. Jedwali lilikuwa zuri kila mara.

(Msinikopi hapo. Kuhangaika na vidonge hivi peke yako kunaweza kukuletea degedege. Nilisoma hilo baada ya kujaribu.)

Katika kusoma nikakuta kuna tiba ya dawa: unapewa dawa nyingine chini ya uangalizi, mwili unatulia, unafanya kazi zako huku unapona. Wa Dar mnaijua methadone. Nikaamua kuulizia hapa kwetu.

Kosa langu linaanzia hapa.

Kliniki ya kwanza, dada wa mapokezi aliuliza, "Mgonjwa ni nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Nikasema, "Ni mdogo wangu, Fabrice."

Fabrice ni wa mwisho kwetu, dereva wa gari la mizigo. Hanywi hata bia.

Dada akasema, "Mlete." Nikaondoka.

Kliniki ya pili, hivyo hivyo. Ili maelezo yasipishane niliyaandika: Fabrice ameanza lini, anakunywa vingapi, anatoka jasho saa ngapi. Kufikia kliniki ya tatu nilikuwa nayasoma kwa sauti, kama ripoti.

Muuguzi wa hapo ndiye aliyenipa jibu la maana. Kliniki ndogo hazina dawa hiyo. Mgonjwa aanzie centre de santé, yaani kituo cha afya cha kwao, na kadi yake ya mutuelle, ile bima ya afya, apewe transfert, karatasi ya rufaa, kwenda hospitali, idara ya afya ya akili.

"Lakini aje mwenyewe," akasema. "Hatuwezi kumutibu mutu kupitia kaka yake."

Kwenye benchi nyuma yangu aliketi mama mmoja. Sikumtazama.

Wiki iliyofuata Fabrice alinipigia. "Kaka, mimi nakunywa vidonge tangu lini?"

Mama yule wa kwenye benchi alikuwa shangazi wa mchumba wake, na alinitambua. Zilibaki wiki tatu kufika gusaba, siku ya familia yetu kwenda kumwomba binti kwao. Sasa wakweze wamesimamisha kila kitu. Na mimi, kwa kuwa baba yetu hayupo, ndiye niliyepangwa kusema kwa niaba ya ukoo.

Nilimjibu, "Watakuwa wamekosea mtu."

Akaniamini. Alikwenda kujitetea peke yake, akarudi bila kitu, na bado alinihurumia mimi kwa kusingiziwa.

Siku ya tatu nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia twende wote kwa wakweze. Nilibeba daftari.

Baba wa binti alirudi kutoka Masisi, Kongo, na Kiswahili chake ni cha kule. Alipokea salamu, kisha akasema, "Bon. We ni mukubwa. Sema: kijana huyu iko mugonjwa ao hapana?"

"Fabrice si mgonjwa," nikasema. "Mgonjwa ni mimi. Nilitumia jina lake."

Nikaweka daftari mezani. Hakuna aliyeligusa.

Shangazi ndiye aliyeanza. "Eeh! Na mi nilijiuliza pale kwa banc: huyu baba anajua namna gani mpaka saa mudogo wake anatoka jasho? Na yeye mwenyewe shati imelowana!"

Mtu mmoja akacheka. Fabrice alitazama viatu vyake.

Mzee akasema, "Donc gusaba itafanyika. Lakini we hautasema. Mutafute mutu ingine."

Kesho yake nilikwenda centre de santé ya kwetu, ambako wote wananifahamu kwa sababu jenereta yao naitengeneza mimi. "Mgonjwa ni nani?" Nikatoa kitambulisho changu. Muuguzi alikisoma, akanitazama, akaandika.

Transfert, hospitali, kisha Kigali, kwa kuwa dawa yenyewe huku haikuwepo. Ilichukua wiki mbili. Mimi nilikuwa nimezunguka miezi mitano.

Siku ya gusaba nilikaa mstari wa nyuma, shati kavu. Binamu yetu ndiye aliyesema, na alisahau nusu ya majina ya babu zetu. Mimi nayajua yote.

Sasa ni mwezi wa nane niko kwenye dawa. Nafanya kazi. Mgongo bado unauma. Fabrice bado ananiita kaka, ila simu zake zimekuwa fupi, na sijamwambia azirefushe.

Nilichojifunza ni kidogo: tiba ipo, njia yake ina makaratasi mengi, na karatasi ya kwanza ni kitambulisho chako mwenyewe. Hakuna anayeweza kukuugulia.

Waliopitia njia hii Tanzania, Kenya au Kongo, tuelezeni kwenu ikoje. Mnaoona vigumu hadharani, PM iko wazi. Najua wengi mtaanza na "kuna ndugu yangu ana tatizo." Hizo pia nitazijibu, na sitauliza ni nani.

Naomba tu jina la huyo ndugu msiliandike.